Chupa Mbili Mkononi: Namna ya Kujua Kirutubisho Kipi Kina Nini Hasa

Nimekaa dirishani kwenye famasi ya Sinza miaka ya kutosha kujua swali kabla halijatoka mdomoni. Mtu anaweka simu juu ya meza ya kioo, kwenye simu kuna picha ya chupa aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, halafu ananyooshea kidole chupa nyingine iliyo nyuma yangu. "Dada, hii ya elfu arobaini na tano na ile ya elfu kumi na mbili si kitu kimoja?" Wiki iliyofuata anakuja mzee mmoja wa makamo. Baada ya shikamoo yangu na marahaba yake, ananiambia: "Mwanangu, kalsiamu hii imeandikwa miligramu elfu moja mia mbili hamsini, ile mia tano tu. Si nichukue kubwa?"

Zilikuwa sawasawa, kidonge kwa kidonge. Nilimwonyesha kwa kikokotoo cha simu yake mwenyewe, akacheka, akachukua ya bei ndogo. Kwa kuwa siwezi kumshika kila mtu mkono kwa dakika ishirini huku foleni inasubiri, nimeyaandika hapa yote ninayowaambia.

Maneno mawili kwanza tusichanganyane. Kirutubishi ni kile chenyewe kinachohitajika mwilini: madini chuma, kalsiamu, vitamini D, protini. Kirutubisho ni bidhaa inayokibeba: kidonge, kapsuli, dawa ya maji, kopo la unga. Tunacholinganisha ni virutubishi vilivyomo ndani ya virutubisho. Dawa za kupunguza tumbo, za nguvu na za "kusafisha mwili" sizigusi hapa, kwa sababu nyingi hazisemi zina nini na kiasi gani. Kisichotajwa hakilinganishiki.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Picha za lebo za bidhaa zote mbili, pande zote za chupa. Picha ya mbele peke yake haitoshi, huko mbele ni matangazo.
- Daftari na kalamu, au sehemu ya kuandika kwenye simu, pamoja na kikokotoo.
- Jina la kirutubishi kimoja unachokitafuta. Kimoja! Ukianza na multivitamini yenye vitu ishirini na tatu utachoka kabla ya mstari wa tano.
- Sababu ya kukitafuta. "Naishiwa nguvu" siyo kipimo. Malaria inamaliza nguvu, sukari inamaliza nguvu, na kupanda daladala ya Mbagala saa kumi na moja alfajiri kila siku kunamaliza nguvu vilevile. Kama unashuku damu imepungua, pima wingi wa damu kwanza. Ni kipimo cha kawaida kwenye vituo vya afya.
- Orodha ya dawa na virutubisho unavyotumia tayari, hata zile za kliniki.

Ukiweza, fanya kazi hii kabla ya kulipa. Chupa ikishafunguliwa hairudi dukani.

Hatua ya 1: Geuza chupa, usome jedwali

Jedwali liko nyuma au ubavuni, mara nyingi kwa maandishi ya kutesa macho. Piga picha kisha ikuze. Bidhaa za Marekani huandika "Supplement Facts" juu yake, za Uingereza na India huwa na jedwali dogo lenye safu mbili au tatu. Nakili jina la kirutubishi chako kama lilivyo, na namba yake kama ilivyo, pamoja na herufi zinazoifuata. Usirekebishe chochote kwa sasa. Jina kamili ndilo litakalotusaidia hatua ya 4.

Ukiuziwa vidonge vya kuhesabiwa, vile vinavyotolewa kwenye kopo la elfu moja na kutiwa kwenye bahasha ndogo, omba uonyeshwe kopo lenyewe. Ni haki yako na wala siyo dharau. Muuzaji akinuna, maduka ni mengi.

Hatua ya 2: Uliza namba hiyo ni ya kiasi gani

Namba ya kwenye jedwali inaweza kuwa ya kidonge kimoja, ya vidonge viwili, ya vidonge vinne, ya mililita 5, ya mililita 15, au ya gramu 100 za unga. Tafuta maneno "Serving size", "per tablet", "each 5 ml contains" na kadhalika.

Kwa vidonge: gawanya namba ya jedwali kwa idadi ya vidonge vya dozi, upate kiasi cha kidonge kimoja. Chupa ya vidonge 60 yenye dozi ya vidonge viwili ni ya siku 30. Wengi hulipa wakidhani wamenunua ya miezi miwili.

Kwa dawa za maji: kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, cha chakula ni 15. Dawa moja ya damu inaweza kutaja madini chuma kwa mililita 5 na jirani yake kwa 15, na kwenye rafu hiyo ya pili ikaonekana ina nguvu mara tatu. Zilete zote kwenye mililita 5. Halafu upimie kwa kikombe au bomba lililokuja na dawa. Kijiko cha jikoni kwako hakijui mililita.

Hatua ya 3: Zilete namba kwenye kipimo kimoja

Miligramu huandikwa mg. Mikrogramu huandikwa mcg, au kwa herufi yenye mkia, µg. Miligramu 1 ni mikrogramu 1000. Ukiona vitamini B12 ya mcg 1000 upande mmoja na ya mg 1 upande wa pili, acha kushangaa, ni kitu kilekile.

Vitamini kadhaa zina kipimo cha zamani kinachoandikwa IU:

- Vitamini D: IU 40 ni mikrogramu 1. Kwa hiyo IU 1000 ni mikrogramu 25.
- Vitamini A ya aina ya retinoli: IU 1 ni mikrogramu 0.3. Kwa hiyo IU 10,000 ni mikrogramu 3000.
- Vitamini E ya asili: IU 1 ni miligramu 0.67. Ya kutengenezwa kiwandani: IU 1 ni miligramu 0.45. Ya asili huanza na "d-alpha", ya kiwandani na "dl-alpha". Herufi moja tu hiyo.

Foliki asidi nayo ina vituko. Lebo mpya za Marekani huiandika kwa kipimo kinachoitwa DFE, ambacho huipandisha namba. Mikrogramu 400 za foliki asidi zinasomeka karibu 670 kwa kipimo hicho. Tafuta kwenye mstari huohuo namba ya foliki asidi yenyewe, huwa imeandikwa pembeni, utumie hiyo.

> Angalizo kwa mjamzito. Foliki asidi ya miligramu 5 na ya miligramu 0.4 zote zinapatikana famasi, na zote ni vidonge vidogo. Ya 5 ni zaidi ya mara kumi na mbili ya ile ya 0.4. Vidonge vya SP vinavyotolewa kliniki kukinga malaria hupungukiwa nguvu vikichanganywa na foliki asidi ya miligramu 5 kwa siku au zaidi. Kama hukuandikiwa 5 na daktari kwa sababu maalumu, usijiongezee. Na kama uliandikiwa, mwambie mhudumu wa kliniki kabla hujapewa SP.

Hatua ya 4: Tenganisha karanga na maganda

Ukinunua kilo ya karanga zenye maganda, hujapata kilo ya karanga. Madini ni hivyohivyo. Kwenye kidonge kalsiamu haikai peke yake, imefungwa na kitu kingine, na uzito wa hicho kitu unahesabiwa. Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea, na ndipo mzee wangu alipotaka kuteleza.

Katika kila miligramu 100 za mchanganyiko, madini yenyewe ni takriban:

- Kalsiamu kaboneti: 40
- Kalsiamu sitreti: 21
- Kalsiamu laktati: 13
- Kalsiamu glukoneti: 9
- Ferasi fumareti: 33
- Ferasi salfeti kavu: 32, na isiyokaushwa: 20
- Ferasi glukoneti: 12
- Zinki salfeti ya kawaida yenye maji: 23
- Zinki glukoneti: 14
- Magnesiamu oksidi: 60
- Magnesiamu sitreti: 16

Majina haya yako kwa Kiingereza kwenye lebo. Yasome kwa sauti, sikio litayatambua.

Hesabu ni moja tu: namba ya lebo, zidisha kwa namba ya hapo juu, gawanya kwa 100. Kalsiamu kaboneti 1250 × 40 ÷ 100 = 500. Basi kidonge cha "1250" na kidonge cha "500" ni ndugu wa tumbo moja, mmoja amepimwa na maganda, mwingine bila maganda.

Utajuaje kama lebo imeshamenya? Angalia jina. Likiandikwa limeungana, mfano "Calcium carbonate 1250 mg", namba ni ya vyote kwa pamoja, kwa hiyo menya mwenyewe. Likitangulia jina la madini, kisha neno "as" au "from", mfano "Calcium (as carbonate) 500 mg", namba ni ya madini yenyewe. Neno "elemental" lina maana hiyohiyo. Lebo nzuri huandika zote mbili kwenye mstari mmoja, ukiona hivyo chukua ile ndogo.

Usimenye mara mbili. Nimewaona watu makini kabisa wakichukua 500 iliyokwisha menywa, wanazidisha tena kwa 40, wanapata 200, kisha wanameza vidonge viwili na nusu.

Nami nilishakosea upande wa pili. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimnunulia mama yangu mzazi kalsiamu laktati ya miligramu 300, kimoja asubuhi, kimoja jioni, nikijua nampa 600 kwa siku. Piga hesabu: 300 × 13 ÷ 100 ni 39. Mara mbili, 78. Miezi minne mama anawatambia majirani Mbagala kwamba mwanawe anamjengea mifupa, kumbe dagaa anaokula ndio walikuwa wanafanya sehemu kubwa ya kazi.

Kwenye madini chuma mambo ni yaleyale. Ferasi fumareti 200 na ferasi salfeti kavu 200 zinakaribiana, kila moja hutoa kama miligramu 65 za chuma. Ferasi glukoneti 300, ambayo namba yake ni kubwa kuliko zote mbili, hutoa kama 35. Hiyo haiifanyi kuwa mbaya. Kuna matumbo yasiyostahimili 65 kwa mara moja. Ila usiinunue kwa kudhani ni kali zaidi.

Hatua ya 5: Funga macho kwenye asilimia

Safu ya asilimia inavutia kwa sababu inaonekana imekufanyia kazi. Tatizo ni kwamba asilimia ni ya kiwango fulani, na viwango vinatofautiana. Kwenye famasi moja Kariakoo utakuta rafu moja ina bidhaa za Uingereza, Marekani na India zimepangwa bega kwa bega.

Miligramu 14 za madini chuma: lebo ya Ulaya itaandika asilimia 100, kwa sababu kiwango chao cha lebo ni 14. Lebo ya Marekani itaandika 78, kwa sababu chao ni 18. Vitamini D ni kichekesho zaidi: mikrogramu 5 ni asilimia 100 Ulaya na asilimia 25 Marekani. Chupa ya Marekani yenye mikrogramu 10 inasomeka 50, na ya Ulaya yenye 5 inasomeka 100. Mnunuzi wa asilimia anaondoka na ile yenye nusu, akijipongeza.

Ulaya huandika "NRV", Marekani "DV", India "RDA". Zikitofautiana herufi hizo, kata safu nzima kwa kalamu. Zikifanana unaweza kuitumia, lakini kama umefika hatua ya 5 tayari una miligramu, asilimia ya nini tena?

Hatua ya 6: Jumlisha na ulivyonavyo

Chukua orodha yako ya dawa. Mtu anakunywa multivitamini, anaongeza vidonge vya "nywele na kucha", anaongeza zinki ya kinga tangu enzi za korona, na hajui kwamba zinki iko kwenye vyote vitatu. Jumlisha kirutubishi chako kutoka kila chupa, kisha linganisha na kikomo cha juu cha mtu mzima kwa siku. Vya Marekani ni hivi:

- Vitamini A ya retinoli: mikrogramu 3000
- Vitamini D: mikrogramu 100, yaani IU 4000
- Zinki: miligramu 40 (Ulaya wao wanasimama kwenye 25)
- Madini chuma: miligramu 45

Daktari anaweza kukuandikia zaidi ya hapo kutibu upungufu, na kwa chuma hutokea mara nyingi. Hiyo ni tiba yenye mwisho. Kikomo hiki ni kwa ajili yako unayejinunulia.

Mjamzito aangalie retinoli kwa makini zaidi, ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mafuta ya ini la samaki huwa nayo. Mwenye selimundu asinunue vidonge vya chuma kwa sababu tu damu iko chini. Upungufu wake wa damu una chanzo kingine, na chuma kinaweza kurundikana mwilini. Aanzie kwa daktari wake.

Halafu kuna dawa zisizopatana na madini. Doksisaikilini na siprofloksasini hushikwa na kalsiamu, chuma, zinki na magnesiamu tumboni, dawa ikapita bila kufanya kazi yake sawasawa. Dawa ya tezi ya shingo nayo hivyohivyo. Anayetumia ARV yenye dolutegraviri asimeze kalsiamu au chuma pamoja nayo akiwa na njaa. Ama ameze vyote na chakula, ama ARV itangulie kwa muda wa saa 2 au ifuate baada ya muda wa saa 6. Waambie wa CTC yako (kliniki unakochukulia ARV) unachotaka kuanza, hawatakugombeza.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo ugeukie bei

Kanuni: bei ya chupa, gawanya kwa jumla ya miligramu halisi zilizomo ndani yake, zidisha kwa 100. Unapata bei ya miligramu 100.

Bei nitakazotumia ni za mfano tu, weka za duka lako.

Chupa ya kwanza: kalsiamu kaboneti 1250, vidonge 60, shilingi 24,000. Kila kidonge ni 500 halisi, chupa nzima 30,000. Kila miligramu 100 ni shilingi 80.

Chupa ya pili: "Calcium (as citrate) 600 mg", dozi vidonge viwili, vidonge 60, shilingi 30,000. Kila kidonge ni 300, chupa nzima 18,000. Kila miligramu 100 ni shilingi 167.

Ya tatu: kalsiamu laktati 300 ya kopo, vidonge kumi kwa shilingi 500. Kila kidonge 39, vyote kumi 390. Kila miligramu 100 ni shilingi 128.

Umeona? Ile ya mia tano, ambayo kila mtu anaiita ya bei rahisi, imeishinda ya elfu ishirini na nne kwa ughali. Tena kufikia 500 kwa siku ungemeza vidonge kumi na tatu.

Na ile ya pili, ghali kuliko zote, siyo ya kutupa. Kaboneti inahitaji chakula na asidi ya tumbo, sitreti haijali sana. Kwa mtu anayemeza omeprazoli kila siku kwa ajili ya vidonda vya tumbo, mimi ningempa sitreti bila kusitasita. Kwa mwingine yeyote, kaboneti, ameze na mlo, asizidishe 500 halisi kwa mara moja kwa sababu mwili hunyonya vizuri zaidi kidogo kidogo.

Hatua ya 8: Namba ya usajili, tarehe, hali ya chupa

Hadi 2019 chakula na dawa vilikuwa chini ya TFDA. Mwaka huo ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, chakula na vipodozi vikahamia TBS. Kwa hiyo kirutubisho kilichosajiliwa kama dawa kiulizie TMDA, kilichosajiliwa kama chakula kiulizie TBS. Kilichokuja kwenye begi la mtu kutoka Dubai huenda hakijapita popote.

Tarehe ya mwisho iwe mbali kuliko siku utakazotumia. Iliyokwanguliwa au kubandikwa stika juu, rudisha. Na hali ya hewa yetu unaijua: joto la Januari na unyevunyevu wa pwani huharibu vitu. Vitamini C iliyogeuka kahawia, kapsuli za mafuta zilizogandana donge moja, vidonge vya kutafuna vilivyoyeyuka vikaungana, hivyo vimeshapigwa jua mahali. Namba za lebo zilikuwa kweli siku vilipotoka kiwandani.

Vitu viwili vyenye hesabu yake

*Mafuta ya samaki.* "1000 mg" ya mbele ni uzito wa mafuta. Unachotafuta ni EPA na DHA, ambazo ndizo omega-3 za samaki. Zijumlishe. Kapsuli ya kawaida ya 1000 ina EPA 180 na DHA 120, jumla 300. Nyingine ya 1000 hiyohiyo inaweza kuwa na EPA 400 na DHA 300, jumla 700. Kapsuli moja ya hii ni zaidi ya mbili za ile. Isiyotaja EPA na DHA, iache.

*Unga wa protini.* Vijana wa gym, hii ni yenu. Gawanya gramu za protini kwa gramu za kijiko kimoja cha kopo. 24 kwa 30 ni asilimia 80, huo ni unga wa protini. 50 kwa 150 ni asilimia 33, na sehemu kubwa iliyobaki ni wanga na sukari. Lile kopo kubwa kama ndoo, lenye picha ya mtu asiyevaa shati, mara nyingi ni la aina ya pili. Kama shida yako ni kuongeza uzito, sawa. Lakini ugali na maharage vinaongeza uzito pia, na havifikii bei ya kopo hilo.

Hapa niseme na kuhusu unga wa mlonge, kwa kuwa nitaulizwa. Ukisikia "vitamini C mara kadhaa ya chungwa", uliza: gramu kwa gramu, au kijiko kwa chungwa? Majani mabichi au makavu? Vitamini C hupungua jani likikaushwa, na kijiko cha chai cha unga ni gramu chache tu, wakati chungwa zima lina zaidi ya gramu mia. Mlonge ni mboga nzuri. Ule kama mboga.

Makosa ninayoyaona zaidi

Kulinganisha multivitamini kwa idadi ya vitu vilivyomo. "Hii ina 29, ile ina 12." Kati ya hivyo 29 vingine ni vumbi la miligramu mbili lililotiwa ili jina litokee kwenye boksi. Kalsiamu ya kutosha, kwa mfano, haienei kwenye kidonge kidogo chenye vitu vingine 28.

Kununua kwa rangi. Rozela na juisi ya beetroot ni nyekundu, nazipenda na barafu, lakini wekundu siyo madini chuma.

Kumeza vidonge vya damu na chai ya rangi. Chai hupunguza chuma kinachonyonywa, maziwa na kalsiamu vivyo hivyo. Tumia maji, au juisi ya chungwa, chai isubiri saa moja au mbili.

Na hili siyo kosa la hesabu, ni la hatari: kuacha vidonge vya chuma mahali mtoto anafika. Vinang'aa, vinafanana na pipi, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Akimeza, nenda hospitali papo hapo na chupa mkononi, hata kama anacheza na anaonekana mzima.

Ukikwama

*Lebo haisemi ni chumvi gani, yaani chuma kimefungwa na nini, imeandikwa "Iron" tu na namba.* Kwenye bidhaa za Marekani na Ulaya namba hiyo kwa kawaida ni ya chuma chenyewe. Kwa nyingine, soma orodha ya viambato chini ya jedwali, chumvi huwa imetajwa huko. Isipokuwepo hata huko, chagua chupa nyingine.

*Imeandikwa "proprietary blend" na uzito mmoja wa jumla.* Maana yake wamekuficha mgawanyo. Vitu kumi ndani ya miligramu 500 inaweza kuwa 491 za kimoja na moja moja ya vilivyobaki. Hii hupendwa sana na kampuni za kuuziana kwa mtandao wa watu. Hailinganishiki na chochote, na shangazi yako anayeiuza hatakuwa na jibu, msimsumbue.

*Lebo ni ya Kichina au Kiarabu tupu.* Programu ya kutafsiri ya simu itakusomea picha, lakini namba na herufi za vipimo zihakikishe mwenyewe. Kwa kitu cha kumeza kila siku mimi nataka lebo ninayoisoma, Kiswahili au Kiingereza.

*Nimepata choo cheusi tangu nianze vidonge vya chuma.* Ni kawaida, ni chuma kisichonyonywa. Kikiwa cheusi chenye kunata kama lami na tumbo linauma au kizunguzungu kipo, hilo ni jambo jingine, nenda ukaonwe.

*Chupa ya mtoto na ya mtu mzima zina kirutubishi kimoja, naweza kugawa ya mtu mzima?* Hapana. Vidonge vingi havigawanyiki sawasawa, na nusu ya kidonge cha mtu mzima bado inaweza kuwa nyingi kwa mtoto. Zinki ya kuharisha kwa mtoto ipo ya kwake, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, na hutolewa pamoja na ORS.

*Nimefanya hatua zote na chupa zimelingana, hata bei.* Basi chukua yenye vidonge vichache kwa siku na tarehe ya mbali, kwenye duka lililo njiani kwako kurudi nyumbani, maana mwezi ujao utaifuata tena.